Kambove ilipe wasindikizaji wa kazini

Tuna pendekezo moja, na tunaliweka juu kabisa ili asiye na muda wa kusoma mpaka chini aondoke nalo. Kampuni zinazochimba shaba na kobalti katika eneo la Kambove, huku kwetu Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilipe, kutoka fungu ambalo sheria tayari inazidai, mishahara ya watu wachache, wasindikizaji wa kazini, wenye kazi moja tu: kuwaingiza kazini vijana wenye usonji na kukaa nao huko mpaka wazoee. Tusianze na jengo wala semina. Tuanze na watu wawili au watatu wenye mshahara wa uhakika, pikipiki na simu.

Fedha ipo. Sheria ya Madini ya 2002, kama ilivyorekebishwa Machi 2018, inamtaka mwenye kibali cha kuchimba atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wananchi wanaouzunguka mgodi. Kampuni iliyouza madini ya dola milioni 100 inadaiwa dola 300,000. Mbali na hapo, asilimia 15 ya mrabaha hupaswa kwenda kwa mamlaka za mahali penyewe panapochimbwa. Na kuna ile hati ya ahadi, cahier des charges, ambayo kampuni na wananchi huketi, hubishana, kisha hutia saini. Humo huandikwa visima, madarasa, vituo vya afya, barabara. Vyote tunavihitaji. Lakini kijana wa miaka 22 aliyemaliza shule, au aliyefukuzwa shule, hapati lolote kwenye darasa jipya la watoto wadogo. Hatujasikia hati hizo zikimtaja kijana huyu.

Tunazungumza juu ya nani? Usonji ni namna ambayo ubongo hukua tangu utotoni. Hauambukizi, hauletwi na malezi ya mama, na hauishi mtoto anapotimiza miaka 18. Mwenye nao huona shida kusoma nyuso na mafumbo ya watu, hupenda mambo yaende kwa utaratibu aliouzoea, na mara nyingi kelele, mwanga au mguso ambao wewe huusikii kabisa humuumiza yeye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kila penye watu 1,000 tutegemee kama wanane. Kambove haiko nje ya dunia. Wapo katika kambi za zamani za wafanyakazi, wapo vijijini kando ya barabara ya Kolwezi, na wengi wao wako ndani ya nyumba.

Wapo ndani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni aibu na hofu. Mtoto asiyejibu anapoitwa, anayezunguka peke yake, anayepiga kelele sokoni, hupelekwa haraka kwenye chumba cha maombi, na huko wakati mwingine anatoka na jina la uchawi. Katiba ya 2006 na Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya Januari 2009 zinakataza kumsingizia mtoto uchawi, na anayefanya hivyo anatenda kosa la jinai. Hata hivyo jina likishabandikwa halibanduki kwa sheria pekee. Mtoto akikua anakwenda nalo hadi kwenye lango la mwajiri, maana langoni hapo hakosekani mtu wa mtaani kwao.

Ya pili ni jinsi kazi inavyopatikana hapa kwetu. Ukisikia kampuni ya kandarasi inataka watu, unaamka alfajiri na dosie mkononi: barua ya maombi, nakala ya kadi ya mpiga kura, cheti cha shule, karatasi za Ofisi ya Taifa ya Ajira kama unazo. Unasimama langoni na wenzako mia. Anatoka mtu anaita majina kwa sauti ya juu, malori yanapita, watu wanasukumana. Ukiitwa, inabidi ujitokeze kabla mwingine hajajibu kwa jina lako. Ndani unaulizwa, "Jieleze kidogo, kijana. Nani anakufahamu hapa?" Anayetazama chini anaonekana ana la kuficha. Anayejibu kwa neno moja anaonekana ana kiburi. Anayesema kweli kwamba hakuna anayemfahamu, basi dosie yake inawekwa chini ya nyingine.

Katika dakika hizo chache kijana mwenye usonji amepimwa kwa msongamano, kelele, maneno ya haraka na kujuana. Bado hajapimwa kazi yenyewe.

Sasa tazama kazi yenyewe ilivyo. Chukua chumba cha sampuli, ambacho kila mgodi unacho kwa namna moja au nyingine. Mawe huletwa katika mifuko midogo, kila mfuko na namba yake. Yanakaushwa, yanapondwa, yanasagwa hadi kuwa unga, yanagawanywa kwa uangalifu ili fungu dogo lilingane na fungu kubwa lilikotoka, yanapimwa kwenye mizani, yanatiwa katika bahasha yenye namba ileile, ndipo yanapelekwa maabara kujua shaba ni asilimia ngapi na kobalti ni asilimia ngapi. Baada ya kila mfuko vyombo husafishwa kwa upepo wa kompresa, vumbi la mfuko wa kwanza lisije likaingia kwenye wa pili. Makosa makubwa ya kazi hii ni mawili: kuchanganya namba, na kuruka usafi kwa kuwa saa ya kutoka imekaribia. Mtu anayechoshwa na marudio huanza kuruka kufikia mfuko wa arobaini, na bosi hatajua mpaka hesabu za mgodi zikatae kulingana na za kiwanda.

Wapo vijana wenye usonji ambao hawatauruka usafi huo hata siku moja, kwa kuwa kwao hatua ikishakuwa ya nne inabaki kuwa ya nne. Mashine ya kupondea inaweza kuwa mateso masikioni mwao. Basi wasiwekwe pale. Mizani, namba na bahasha vinaweza kukaa chumba cha pili, mlango ukafungwa. Badiliko lenyewe ni hilo, na gharama yake ni mlango.

Hatusemi kwamba kila mwenye usonji ni bingwa wa namba. Hiyo ni hadithi ya filamu, na imewaumiza wengi kwa kuwafanya waonekane wamefeli hata kwenye usonji wao. Wapo wasiosema kabisa. Wapo wenye kifafa pamoja na usonji, wapo wanaohitaji mtu karibu siku nzima. Kazi inayofaa hutafutwa kwa kumtazama mtu mmoja mmoja: anapenda kushika nini, anakimbia nini, anadumu na nini kwa saa mbili bila kuitwa. Mmoja atafaa stoo ya viatu na kofia za kazini, kupanga kwa saizi na kuandika kilichotoka. Mwingine atafaa kitalu cha miche, maana kampuni hudaiwa kuyatengeneza mazingira iliyoyaharibu na miche inahitaji kumwagiliwa kila siku kwa saa ileile. Mwingine ni wa kufua na kukunja nguo za kazi, mwingine wa kupanga majalada ya zamani. Na wengi hawatafanya kazi mgodini kabisa, kama ambavyo wakazi wengi wa Kambove hawafanyi. Watafanya kwenye mashine ya kusaga mahindi, kwenye tanuri la mikate, kwenye banda la kuku, kwenye duka la dawa wakipanga rafu. Wasindikizaji tunaowadai wawahudumie hao pia. Fedha inatoka mgodini, kazi si lazima itoke huko.

Je, jambo hili limejaribiwa mahali? Ndiyo, na matokeo yanajulikana. Katika jimbo la Virginia, Marekani, watafiti waliwachukua vijana wenye usonji waliokuwa wanamaliza shule, wakawagawa kwa kura. Kundi moja, vijana 24, waliingizwa moja kwa moja hospitalini kujifunza kazi kwa miezi tisa, wakiwa na watu wa kuwasindikiza. Kundi la pili, vijana 16, waliendelea na huduma za kawaida za shule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba 21 kati ya wale 24 walipata kazi ya mshahara. Katika kundi la pili alipata mmoja. Makundi yalikuwa madogo, lakini tofauti ya 21 na 1 haitaki miwani. Na siri yao haikuwa dawa wala kompyuta. Walibadili mpangilio: mtu aliwekwa kazini kwanza, akafundishwa papo hapo, juu ya meza ileile atakayoitumia. Hawakumweka darasani miaka miwili wakimwandaa kwa kazi ambayo haipo.

Denmark ina somo jingine. Mwaka 2004 Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha kampuni ya Specialisterne ili kuwapatia kazi watu kama mwanawe. Badala ya mahojiano aliwapa waombaji kazi ya mikono, pamoja na kuunda roboti za Lego, akatazama wanavyofanya. Aliyekuwa hawezi kujieleza kwa maneno alijieleza kwa alichokijenga. Kambove haihitaji Lego. Mfuko wa namba na mizani vinatosha.

Utajiri nao haumalizi tatizo. Huko Uingereza, ripoti ya serikali iliyoongozwa na Robert Buckland ilieleza mwaka 2024 kwamba ni watu wenye usonji kama watatu tu kati ya kumi walio na kazi. Kampuni ya SAP ya Ujerumani iliahidi mwaka 2013 kwamba kufikia 2020 asilimia 1 ya wafanyakazi wake watakuwa wenye usonji, na haikufika. Jirani zetu Tanzania wana Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Ila asilimia peke yake ina udhaifu wake: mwajiri anayetafuta kujaza hesabu humchukua ambaye hatamsumbua, na mwenye usonji hubaki nje hata ndani ya asilimia hiyo. Anayeweza kumfikisha yeye ni mtu anayekwenda naye.

Tuseme basi msindikizaji huyo anafanya nini, maana cheo kisicho na kazi tumekichoka.

Wiki za kwanza anakwenda nyumbani. Anakaa na mama, baba, bibi, anauliza maswali ya kawaida: anaamka saa ngapi, anakula nini, kitu gani kinamfanya azibe masikio, alishawahi kusaidia kazi gani akaipenda. Kisha anakwenda kwa mwajiri, anaitazama kazi kuanzia mwanzo hadi mwisho, anaikata vipande, anaviandika au kuvichora kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani. Anaomba kijana ajaribiwe kwa vitendo, asihojiwe. Siku ya kwanza wanakwenda pamoja, kwa njia ileile watakayoitumia kila siku. Anafanya kazi kando yake. Polepole anajiondoa: anabaki asubuhi tu, halafu siku mbili kwa wiki, halafu simu. Lakini haondoki kabisa, kwa sababu kupata kazi ni nusu. Nusu ngumu ni kudumu nayo.

Tunaisisitiza nusu hii ya pili kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa. Kijana anaweza kufanya kazi miezi minane bila kosa, halafu msimamizi anabadilishwa. Msimamizi mpya anapiga kelele, anatania, anasema "fanya haraka haraka bwana" bila kusema kipi kifanywe. Au zamu inahamishwa usiku na hakuna aliyemwambia mpaka alipofika. Au basi la wafanyakazi limebadilisha kituo. Siku ya tatu haji kazini, na ofisi inaandika kwamba ametoroka. Kumbe lilihitajika jambo dogo: mtu wa kumwambia siku mbili kabla, na kumwandikia.

Kuna hatari nyingine ambayo wenye stoo wataielewa bila kufafanuliwa. Mpe kijana wa aina hii daftari la mafuta, naye ataandika lita zilizotoka, si lita alizoambiwa aandike. Atawaudhi watu. Watamchongea, watamtwika upotevu wasioweza kuueleza, na yeye hajui kujitetea kwa maneno mengi. Asipokuwa na mtu wa kumsemea, atafukuzwa kwa kosa la kuwa mwaminifu. Vivyo hivyo siku ya mshahara: wako watakaomkopa asirudishiwe, na wako ndugu watakaompokelea asione hata faranga. Msindikizaji asimamie fedha ifike mkononi mwa aliyeitolea jasho, au kwenye akaunti yake ya simu.

Yapo tutakayojibiwa.

La kwanza: vijana wazima wamejaa mitaani bila kazi, nanyi mnawatafutia hawa? Swali hili ni la haki, na tunalijibu bila kuzunguka. Mji huu ulizaliwa na mgodi na unajua kukosa kazi. Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, na Gécamines iliyoirithi, zilikuwa kwa familia za wafanyakazi zaidi ya mwajiri. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliwaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo alikuwa kampuni. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Hatujasahau. Lakini nafasi tunazozidai ni chache, hazimnyang'anyi mtu, na kazi ya usindikizaji yenyewe itawaajiri vijana wa hapa. Kisha hesabu na mama. Nyumba yenye kijana mwenye usonji asiye na pa kwenda imepoteza vipato viwili: cha kijana, na cha mama aliyeacha meza yake sokoni ili amlinde. Kijana mmoja akiingia kazini, watu wawili wanarudi kazini.

La pili: mgodi ni hatari. Kweli. Shimoni, kwenye njia za malori makubwa, kando ya matangi ya asidi na mashine za kupondea, tusimpeleke mtu ambaye king'ora kinaweza kumfanya akimbie bila kutazama. Tumetaja kazi nyingine, na ziko nyingi. Tena tukumbushe kitu: maagizo asiyoyaelewa mwenye usonji, mara nyingi hata kibarua mpya hayaelewi, ila kibarua huitikia tu kwa kichwa. Karatasi ya hatua zilizochorwa ukutani itamlinda kila mtu anayeingia chumba hicho. Kampuni zinazoandika langoni kwamba usalama ni wa kwanza zitafaidika nayo.

La tatu: kampuni zitaligeuza jambo hili kuwa picha. Hapa wanaotupinga wana hoja nzuri. Tumeona hundi kubwa za karatasi, tumeona fulana. Kwa hiyo tunaweka masharti. Kijana awe na mkataba wa kazi kama wa wengine, aandikishwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, alipwe kwa kazi sawa na mwenzake. Sheria ya Kazi ya 2002 inaruhusu kipindi cha majaribio, mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi na hadi miezi sita kwa wengine. Kitumike hicho, kilipwe, kiwe na mwisho. Kijana anayejifunza kazi miaka mitatu bila malipo hajifunzi, anatumikishwa.

La nne tutaambiwa na maofisa: alete kwanza cheti cha daktari. Tunakataa. Toka Kambove mpaka Likasi ni kama kilomita 25, na toka Likasi mpaka Lubumbashi, kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, ni zaidi ya kilomita 100 nyingine. Nauli, siku, na fedha ya vipimo vitawabakiza nje wale hasa tunaowatafuta. Cheti kinafaa kwa matibabu, na anayekiweza akipate. Kwa kumjaribu mtu kwenye mizani hakihitajiki. Msindikizaji mzuri atajua ndani ya wiki mbili kijana anahitaji nini, hata kama jina la hali yake halijaandikwa popote.

Sheria haituzuii, inatusukuma. Jamhuri yetu iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na ibara yake ya 27 inadai mahali pa kazi parekebishwe kadiri inavyofaa kwa mhitaji. Katiba yetu, ibara ya 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria kamili ya kulinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Tangu 2019 serikali imewahi kuwa na waziri wa watu wanaoishi na ulemavu. Karatasi zipo za kutosha kutoka Kinshasa. Kinachokosekana ni mtu wa kugonga hodi nyumbani Jumatatu asubuhi.

Basi kila mmoja achukue sehemu yake.

Kampuni za madini na kampuni za kandarasi zinazozihudumia: kila moja itaje kwa maandishi nafasi mbili au tatu, zikiwa na maelezo ya kazi yenyewe, na zichangie pamoja mfuko mmoja wa wasindikizaji. Tunasema pamoja kwa makusudi. Mgodi hufungwa, huuzwa, hubadilishwa jina. Tulishaona mji mzima ukimtegemea baba mmoja, na tulishaona alivyoondoka. Msindikizaji asiwe wa kampuni moja.

Wawakilishi wa wananchi wanaokaa kwenye meza ya hati za ahadi: hakikisheni mzazi mmoja wa kijana mwenye usonji yumo katika kamati. Msimletee salamu, mpeni kiti.

INPP, taasisi iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kuandaa watu kwa kazi, na inayoishi kwa michango ya waajiri haohao: iandae mafunzo mafupi ya wasindikizaji na ya wasimamizi wa kazi. Vyuo vilivyo karibu, Chuo Kikuu cha Likasi na kile cha Wamethodisti cha Mulungwishi, vitume wanafunzi wa elimu na saikolojia waje kujifunza kwa kufanya.

Wachungaji na mapadre: mnasikilizwa kuliko gazeti. Semeni mimbarani, kwa maneno mafupi, kwamba kijana huyu si mchawi na hana pepo, na kwamba mahali pake Jumatatu ni kazini.

Wazazi, tunajua hofu yenu. Mmemlinda miaka ishirini kwa sababu hakuna mwingine aliyemlinda. Hatuwaombi mmwachie mtu msiyemjua. Tunawaomba mumruhusu atoke na msindikizaji, saa mbili kwa siku, mwezi mmoja, nanyi mje mtazame. Anzeni nyumbani: ndoo ileile, saa ileile, kazi ileile mpaka mwisho, na malipo kidogo mkononi mwake ili ajue jasho lina thamani.

Sisi kwa upande wetu tutauliza swali moja baada ya mwaka, na hatutauliza juu ya idadi ya semina wala wageni waliokuja kwenye sherehe za tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani. Tutauliza: ni vijana wangapi waliowekwa kazini, wangapi bado wako pale baada ya miezi kumi na miwili, na wangapi wanapokea mshahara wenyewe? Hata jibu likiwa sita, kazi imeanza, na mwaka wa pili watakuwa zaidi. Likiwa sifuri, tutachapisha sifuri hiyo pamoja na majina ya kampuni zilizotia saini.